Duka Likifilisika na Mali Yako Iko Rafuni: Namna ya Kuidai Nchini Marekani

Kwetu Afrika Mashariki, mfanyabiashara akichukua bidhaa kwa makubaliano ya kulipa baada ya kuziuza, tunasema amechukua mali kauli. Marekani kuna maduka maalumu yanayoendesha biashara ya namna hiyo: mtu hupeleka gauni la harusi, kochi, mkufu au mchoro, duka hukiweka kitu hicho mbele ya wateja, na kikishauzwa hukata kamisheni yake na kumpa mwenyewe kilichobaki. Katika mikataba ya maduka hayo huwamo karibu kila mara sentensi isemayo kwamba mali ni ya aliyeileta hadi siku itakapouzwa. Wengi huisoma sentensi hiyo wakaridhika, kumbe duka likifilisika inaweza isiwafae kitu.

Mwongozo huu unawahusu watu wa aina mbili. Wa kwanza ni Waswahili waishio Marekani wanaouza vitu vyao vya nyumbani kupitia maduka hayo. Wa pili ni wasanii na wafanyabiashara wanaopeleka huko michoro, vinyago, vikapu na vito kutoka Afrika Mashariki ili viuzwe kwa niaba yao. Sheria haiwatazami kwa jicho moja, na ni vyema kila mmoja ajue yuko upande gani kabla hajaandika barua yoyote.

Kwanza ujue sheria inakuhesabu kuwa nani

Sheria za biashara za majimbo ya Marekani zimejengwa juu ya kielelezo kimoja kiitwacho kwa kifupi UCC, na ibara ya 9 ya kielelezo hicho huyachukulia baadhi ya makubaliano ya kuuziwa mali kana kwamba ni mkopo wenye dhamana. Makubaliano yako yanaingia humo iwapo masharti yafuatayo yametimia kwa pamoja: uliikabidhi mali kwa mfanyabiashara ili aiuze, mfanyabiashara huyo huuza vitu vya aina hiyo kwa jina lisilo lako, wala si dalali wa mnada, wanaomdai kwa jumla hawamfahamu kuwa ni mtu ambaye sehemu kubwa ya biashara yake ni kuuza mali za wengine, mzigo uliomkabidhi kwa mara moja ulikuwa na thamani ya dola 1,000 au zaidi siku hiyo, na vitu hivyo havikuwa vya matumizi yako binafsi au ya nyumbani kabla tu ya kuvikabidhi. Sharti moja likikosekana, uko nje ya ibara hiyo, na kwa mtu ambaye hakusajili haki yake katika masjala ya jimbo (usajili huo unaelezwa mwishoni), nje ndiko kwenye nafuu.

Sababu ni kwamba ndani ya ibara ya 9 sheria hulihesabu duka, mbele ya wadai wake, kuwa lina haki ileile uliyo nayo wewe juu ya mali hiyo, maadamu imo mikononi mwake. Benki iliyolikopesha duka kwa dhamana ya bidhaa zote zilizomo inaweza kuvihesabu vitu vyako pamoja na bidhaa hizo. Msimamizi wa ufilisi naye hupewa na sheria ya shirikisho nguvu za mdai aliyekwisha kukamata mali kwa amri ya mahakama siku ileile duka lilipofilisika, hivyo kama hukusajili haki yako kabla ya siku hiyo, yeye anakutangulia. Nje ya ibara hiyo hurejea kanuni ya zamani kwamba anayeshika mali ya mtu hawezi kuwapa wadai wake zaidi ya alichokuwa nacho mwenyewe, na duka lilikuwa na ruhusa ya kuuza tu.

Tuseme mama anayeishi Minneapolis amepeleka dukani gauni lake la harusi na kabati la marehemu mama yake, vyote pamoja vikiwa na thamani ya dola 1,800. Vilikuwa vitu vya nyumbani, kwa hiyo hata bila usajili wowote ana hoja nzito ya kurudishiwa. Tuseme tena mchoraji wa Tingatinga wa Dar es Salaam amepeleka picha 20 za dola 6,000 kwenye duka la Santa Fe. Picha hizo kwake ni bidhaa, thamani imevuka kiwango, na asipokuwa amesajili anaweza kujikuta amesimama nyuma ya benki ambayo hajapata kuisikia. Wengine huona haki hii imepinduka, lakini ina mantiki yake: mwenye biashara anatarajiwa kuwatangazia wanaokopesha kwamba bidhaa wanazoziona dukani si za duka, ilhali mtu aliyepeleka kabati moja hatarajiwi kulijua jambo hilo.

Hoja kwamba wadai walijua duka linauza mali za watu huvutia sana, lakini ni ngumu kuithibitisha. Mzigo wa kuthibitisha uko kwa mwenye mali, na haitoshi kuonyesha kwamba mdai mmoja au wawili walifahamu. Lazima ionekane kwamba wadai kwa jumla walifahamu. Wenye mali waliokuwa wameikabidhi kwa Valley Media, msambazaji wa muziki na filamu wa California aliyefilisika mwaka 2001, waliileta hoja hiyo mbele ya mahakama ya Delaware wakashindwa. Kibao cha mlangoni kinachosema kwamba duka linauza mali za watu kilikuwa kinga ya kisheria katika baadhi ya majimbo hapo zamani, lakini mabadiliko ya UCC yaliyoanza kutumika mwaka 2001 yalikiondoa katika kielelezo. Leo kinaweza kuwa sehemu ya ushahidi wako, si zaidi ya hapo.

Msanii ana mlango mwingine. Majimbo kadhaa, New York na California yakiwamo, yana sheria maalumu isemayo kwamba kazi ya sanaa ambayo msanii ameikabidhi kwa mfanyabiashara wa sanaa ni amana, na kwamba fedha zitokanazo na mauzo yake ni amana vilevile, hivyo wadai wa duka hawana haki juu yake. Sheria ya New York haiishii kwenye michoro. Inawagusa na mafundi wa kazi za mikono, jambo ambalo mchonga vinyago anapaswa kulijua, na inawalinda pia warithi wa msanii. Haimlindi mtu aliyenunua kazi ya msanii kisha akaikabidhi dukani iuzwe tena. Tofauti hiyo ilionekana wazi katika ufilisi wa jumba la sanaa la Salander-O'Reilly la New York mwaka 2007, ambalo mwenyewe, Lawrence Salander, alikiri makosa mwaka 2010 na kuhukumiwa kifungo cha kati ya miaka 6 na 18. Kampuni ya Kraken Investments ilikuwa imekabidhi huko mchoro wa Botticelli bila kusajili haki yake, na mkataba ulisema mgogoro wowote uamuliwe kwa usuluhishi katika kisiwa cha Jersey. Mahakama ya ufilisi ilikataa kulipeleka shauri huko ikaendelea nalo yenyewe. Baada ya kashfa hiyo New York iliikaza sheria yake ya sanaa mwaka 2012, na sasa fedha za msanii hazitakiwi kuchanganywa na fedha za jumba.

Siku chache za mwanzo

Ukisikia duka limefungwa, kwanza hakikisha kama kweli kuna shauri la ufilisi mahakamani, kwa sababu maduka mengi madogo hufunga milango tu bila kwenda mahakamani. Kama hakuna shauri, hakuna zuio, na unaweza kudai mali yako papo hapo kwa barua kwa mwenye duka na kwa mwenye jengo aliyebadilisha kufuli, kisha uende mahakama ya madai madogo ikiwa hawajibu. Kama duka bado liko wazi lakini malipo yameanza kuchelewa na simu hazipokelewi, nenda ukachukue mali yako leo na utie saini hati ya kurudishiwa. Msimamizi anaweza baadaye kuhoji urejeshaji uliofanyika ndani ya siku 90 kabla ya ufilisi, lakini afadhali kujibu maswali yake mali ikiwa nyumbani kwako kuliko kuyajibu ikiwa ghalani kwake.

Shauri likiwa limefunguliwa, mambo yanageuka. Tangu dakika lilipowasilishwa kuna zuio la kisheria ambalo halihitaji amri ya jaji, nalo linamkataza kila mtu kuchukua kitu chochote kilicho mikononi mwa muflisi, pamoja na kitu ambacho ni chake mwenyewe. Kuingia dukani kwa ufunguo uliopewa na mfanyakazi unayefahamiana naye ni kosa litakalokugharimu hata kama una haki yote. Njia halali ni mbili tu: ridhaa ya msimamizi, au ruhusa ya mahakama.

Tafuta namba ya shauri, jina la mahakama na sura ya sheria iliyotumika. Katika Sura ya 7 duka huuzwa na kufungwa, na msimamizi huteuliwa mara moja. Katika Sura ya 11 wenye duka kwa kawaida hubaki wakiliendesha chini ya macho ya mahakama, na barua zako zitakwenda kwa wakili wao. Nyaraka zote zinapatikana katika mfumo wa mtandaoni wa mahakama za shirikisho uitwao PACER, ambao hutoza senti 10 kwa ukurasa na si zaidi ya dola 3 kwa waraka wa kawaida, na matumizi yako yasipozidi dola 30 katika robo ya mwaka hulipi chochote. Waraka wa kuusoma kwanza ni taarifa ya mambo ya fedha ya muflisi, kwa maana humo hutakiwa kuorodhesha mali za watu wengine anazozishika. Ukikuta vitu vyako vimeandikwa hapo, umepata ushahidi kutoka kwenye kinywa cha duka lenyewe. Ukivikuta vimehesabiwa katika bidhaa za duka, usingoje.

Kuidai mali yenyewe

Andika barua kwa msimamizi, au kwa wakili wa duka ikiwa ni Sura ya 11, na uitume kwa njia inayoacha uthibitisho wa kupokelewa. Eleza kila kitu kwa maelezo yanayomwezesha mtu asiyekijua kukitambua rafuni: ukubwa, rangi, saini, kasoro, namba ya lebo ya duka. Ambatisha mkataba, stakabadhi ya kukabidhi, picha, na ujumbe wa simu au barua pepe ambamo duka lilikiri kuwa mali ni yako. Omba mambo matatu kwa uwazi: vitu vyako vitengwe, visiuzwe mpaka haki yako iamuliwe, na bima yake isikatike. Sema pia kwa nini uko nje ya ibara ya 9, au, kama uko ndani, toa nakala ya usajili wako. Wasimamizi wa mafaili madogo hawana hamu ya kugombania kabati la mtu, na barua iliyopangwa vizuri mara nyingi huishia kwa makubaliano mafupi ya kurudisha mali.

Hatari kubwa katika hatua hii ni mauzo ya kufunga duka. Ndani ya siku chache muflisi anaweza kuiomba mahakama ruhusa ya kuuza kila kilichomo, na ombi hilo huwa na tarehe ya mwisho ya kupinga ambayo huja haraka. Sports Authority, duka kubwa la vifaa vya michezo lililowasilisha ufilisi wake Delaware Machi 2016, lilitaka kuendelea kuuza bidhaa lilizokabidhiwa na wasambazaji, likawafungulia mashtaka zaidi ya wasambazaji 160 likidai kwamba haki zao hazikusajiliwa ipasavyo. Wengi wao walikuwa kampuni zenye mawakili, na bado walilazimika kugombania kilichokuwa chao. Wewe ukipata taarifa ya mauzo, wasilisha pingamizi la maandishi kabla ya tarehe hiyo, ukisema mali si ya muflisi na kwa hiyo haiwezi kuuzwa bila kwanza kuamua mwenyewe ni nani, na ukiomba angalau fedha zake zitengwe katika akaunti ya pekee ikiwa mahakama itaruhusu mauzo. Usipopinga, mali itakwenda, na mteja aliyeinunua dukani kwa nia njema huwezi kumfuata. Utabaki unadai fedha.

Msimamizi akikataa, uombe mahakama ikuondolee zuio ili uchukue mali, au ufungue shauri dogo ndani ya ufilisi la kuamua nani mwenye haki. Njia ya kwanza ni nyepesi na inafaa pale ambapo umiliki haubishaniwi sana. Ya pili ndiyo inayotumika msimamizi anapodai kwamba mali ni ya wadai wote. Mtu binafsi anaweza kujitetea mwenyewe katika mahakama hizi, lakini kampuni lazima iwe na wakili, hata kama ni kampuni ya mtu mmoja iliyosajiliwa kwa ajili ya kuuza vikapu. Msanii asiye na uwezo aulizie mashirika yanayotoa mawakili wa kujitolea kwa wasanii. La New York lipo tangu mwaka 1969.

Fedha za vitu vilivyokwisha kuuzwa

Hapa ndipo wenye mali wengi huvunjika moyo, kwa kuwa kitu kikishauzwa na fedha kuchanganyika katika akaunti ya duka, wewe huhesabiwa kuwa mdai asiye na dhamana miongoni mwa wadai wengine, isipokuwa kama sheria ya amana ya wasanii inakulinda, au mkataba uliziweka fedha hizo kuwa amana na unaweza kuonyesha zilikopitia hadi zilipo. Kuzifuatilia katika akaunti iliyochanganywa ni kazi ya mhasibu: salio likiwahi kushuka hadi sifuri baada ya fedha zako kuingia, kwa kawaida dai lako la amana juu ya akaunti hiyo limekwisha, hata kama zimeingia nyingine kesho yake.

Wasilisha hati ya madai kwa fomu rasmi namba 410, ambayo haina ada. Katika Sura ya 7 iliyofunguliwa na muflisi mwenyewe muda ni siku 70 tangu shauri kufunguliwa, ila kama taarifa ya mahakama imesema hakuna mali ya kugawa na usiwasilishe hadi utakapoambiwa. Katika Sura ya 11 tarehe huwekwa na mahakama au kanuni zake, nayo hutangazwa. Jihadhari na kosa moja lililo rahisi kufanyika: usijaze fomu hiyo kwa vitu ambavyo bado unadai ni vyako kana kwamba unadai bei yake tu. Tenganisha vilivyouzwa na visivyouzwa, na kwa vile visivyouzwa andika wazi kwamba unahifadhi haki yako ya umiliki, na kwamba kiasi ulichotaja ni cha kutumika tu ikiwa havitarudishwa.

Mkutano wa wadai hufanyika kwa kawaida kati ya siku 21 na 40 baada ya shauri kuanza. Uhudhurie. Mwenye duka huwa ameapa, na una haki ya kumwuliza maswali machache: vitu vyangu viko wapi, viliuzwa tarehe gani, kwa bei gani, fedha ziliingia akaunti ipi. Ikiwa muflisi ni mtu binafsi, si kampuni, na aliuza mali yako akazitumia fedha zako, unaweza kuiomba mahakama isimfutie deni hilo kwa kuwa ni ubadhirifu au uvunjaji wa amana. Ombi hilo lina muda wa siku 60 tangu tarehe ya kwanza iliyopangwa kwa mkutano huo, na ukizipitisha mlango umefungwa.

Ukihama, ijulishe mahakama na msimamizi anwani mpya. Mgao wa wadai unaweza kutoka baada ya miaka miwili au mitatu, na hundi isiyochukuliwa kwa siku 90 baada ya mgao wa mwisho huzuiwa malipo, kisha fedha zake hupelekwa mahakamani.

Unapopeleka mzigo mwingine

Kinga ya mwenye biashara ni karatasi iitwayo UCC-1, na inaweza kuwasilishwa hata na mtu aliyeko Zanzibar au Nairobi, kwa kuwa kinachoangaliwa ni mahali lilipo duka. Kama duka ni kampuni, usajili hufanyika katika jimbo ilikoandikishwa kampuni, ambalo huenda lisiwe jimbo unaloonekana mlango wake. Duka la Chicago linaweza kuwa kampuni ya Delaware. Jina la duka liandikwe kama lilivyo katika hati za kuandikishwa kwake, si kama lilivyo kwenye kibao, kwa sababu kosa dogo la jina linaweza kuufanya usajili usionekane katika upekuzi, na usajili usioonekana hautambuliwi. Katika fomu unaruhusiwa kujiita mwenye mali aliyeikabidhi badala ya mdai, na ufanye hivyo.

Usajili peke yake unakukinga dhidi ya msimamizi wa ufilisi, lakini haukutangulizi mbele ya benki iliyosajili kabla yako. Ili kuitangulia, usajili uwe umekamilika kabla duka halijapokea mzigo, na benki hiyo iwe imepokea, pia kabla ya mzigo kufika, taarifa ya maandishi kwamba utakabidhi mali kwa duka hilo, pamoja na maelezo ya mali yenyewe. Kwa hiyo kwanza fanya upekuzi wa jina la duka katika masjala ya jimbo uone ni nani amekwisha kusajili. Taarifa moja kwa benki hudumu miaka 5, na UCC-1 nayo hudumu miaka 5, ikihuishwa ndani ya miezi 6 ya mwisho wala si mapema zaidi. Duka likibadili jina kiasi cha kutotambulika kwa jina la zamani, una miezi minne ya kurekebisha. Ukichelewa, usajili wako utailinda mizigo iliyopokewa kabla ya badiliko na katika miezi hiyo minne, lakini kila utakachopeleka baadaye kitakuwa hakina kinga. Kwa sababu hiyo, tazama jina lililo kwenye hundi ya kila malipo unayopokea, na ulilinganishe na lile lililo kwenye usajili wako.